Landrova ya Marehemu Ephantus

Fundi Darweshi alikiri asubuhi, kabla chai aliyoletewa haijapoa, na kukiri huko ndiko kulikomfanya Inspekta Jepkorir aanze kuamini kwamba mzee wa watu hana hatia.

Kwa siku mbili alikuwa amekana. Alikana kwa utulivu, mikono imelala juu ya meza ya chumba cha mahojiano, ile mikono ya makanika ambayo hata ukiisugua kwa sabuni ya unga haiachi weusi wa oili. Je, alikata mpira wa breki kwenye Landrova iliyomuua Mama Wamuyu? Hakukata. Je, alikuwa na kisa na Mama Wamuyu? Kisa gani, na marehemu mumewe alikuwa rafiki yake tangu ujana? Jepkorir alikuwa ameyasikia majibu hayo mpaka angeweza kuyatoa yeye mwenyewe. Ndipo, kwa kukosa jingine la kufanya, akamwekea mezani picha ya injini, iliyopigwa baada ya gari kutolewa korongoni.

Mzee aliitazama. Akavaa miwani, akaitazama tena, na kidole chake kikasimama juu ya sehemu moja. Alipoivua miwani, Jepkorir aliona machozi.

"Ni mimi," Darweshi alisema. "Andika, afande. Ule mpira niliukata mimi."

"Lini?"

"Pale gereji. Kabla binti yake, Lynn, hajaja kuchukua gari."

"Kwa nini?"

Hapo alifikiri. Jepkorir alikuwa ameketi na wauaji wa kutosha, na kama kuna swali ambalo wao hawalitafutii jibu ni hilo. Hulijibu hata kabla ya kuulizwa.

"Tulikosana na Mama Wamuyu," mzee alisema hatimaye. "Mambo ya zamani."

"Mambo gani?"

"Ya zamani tu."

"Sawa. Ulipoukata, uliuacha wazi ama uliuziba?"

Macho ya mzee yalirudi kwenye picha, lakini picha haikuwa na msaada. Ncha ya mpira ilikuwa imejificha nyuma ya kichujio cha hewa.

"Niliuziba."

"Na nini?"

"Kitambaa."

Jepkorir aliweka kalamu chini. Bolti iliyotolewa kwenye ncha ya ule mpira ilikuwa ndani ya bahasha, kwenye droo iliyo chini ya kiwiko chake.

"Mzee, nimeangalia simu yako. Ijumaa ile, siku moja baada ya Lynn kuchukua gari, alikupigia mara kadhaa saa ya swala. Alitaka nini?"

"Nilikuwa msikitini, simu nimeizima sauti. Nilipotoka nikampigia, akasema ameshasaidika."

"Amesaidika nini?"

"Sikuuliza." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Afande, huyo mtoto amefiwa na mama yake. Mwacheni alie. Mimi nimeshakwambia ni mimi, sasa unataka nini tena?"

Jepkorir alimwita konstebo amrudishe seli. Kesho yake mzee alikuwa afikishwe kortini kwa kosa la kuua, na kwa maungamo kama hayo hata wakili wa kusifiwa angerudi nyumbani mikono mitupu.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Landrova ilikuwa ya Ephantus, mumewe Mama Wamuyu, mkulima wa viazi na maziwa kule Bahati. Ni pikapu ya dizeli ya zamani sana, ya wakati ambapo gari lilikuwa chuma na dereva alikuwa misuli. Ephantus alipofariki ikawekwa bandani, na kuku wakaanza kutaga mayai kwenye kiti cha dereva. Binti yake, Lynn, anayeishi Kiamunyi na kuuza bima, aliamua mwaka huu kuifufua iwe zawadi kwa mama yake. Mfuko ulikuwa mwembamba, kwa hivyo kazi ilienda kwa mwendo wa mishahara, kitu kimoja kila mwisho wa mwezi. Ilipata injini ya dizeli kutoka kwa pikapu ya Kijapani iliyogongwa ubavu. Ikapata viti vya matatu iliyostaafu. Mbele, mahali pa breki za dramu, ikapata breki za diski na busta yake, zilizotolewa kwenye Landrova ya miaka ya karibuni. Darweshi aliyafanya hayo yote katika gereji yake ya Bondeni, kwa bei ya urafiki.

Jumamosi wanawake wa kanisa waliliombea gari uani. Waliimba, wakanyunyiza maji, na Mama Wamuyu akapanda akaliendesha mwenyewe mpaka getini na kurudi. Jumanne alilipakia viazi akashuka nalo mlima kwenda sokoni. Watu wa bodaboda walisema Landrova ilipita ikipiga honi bila kukoma, mama amesimama karibu wima juu ya pedeli ya breki. Ilivunja ukingo wa daraja ikatumbukia korongoni, na Mama Wamuyu akakata roho njiani kupelekwa hospitali.

Lynn ndiye aliyetaka Darweshi akamatwe. Ndiye pia aliyeapa kwamba mama yake hatazikwa mpaka mtu ashtakiwe, na mwili ukabaki mochari.

Landrova ilikuwa uani nyuma ya kituo, boneti imepinda. Jepkorir alipokuwa konstebo kule Baringo aliendesha Landrova za polisi, au tuseme alizisukuma zaidi ya alivyoziendesha, na tumbo la gari kama hili halikuwa geni kwake. Alifuata mambo kwa kidole. Busta, lile kopo jeusi linalousaidia mguu wa dereva kukanyaga breki, lilikuwa mahali pake. Mpira wa kunyonya hewa ulitoka kwenye busta ukaelekea kwenye injini, na haukufika popote. Ulikatwa kwa kisu kikali. Ncha yake ilikuwa imezibwa kwa ile bolti ya kwenye bahasha, na juu yake ikakazwa klipu mpya kabisa.

Maafisa wa kwanza kufika waliona ule mkato wakasema hujuma, na nani angewalaumu. Lakini mtu anayetaka busta ife, akishakata mpira kazi yake imekwisha. Kuziba hakuongezi madhara yoyote. Aliyekata mpira huu alinunua klipu dukani akaikaza vizuri ili vumbi lisiingie. Mwuaji hana haja ya kuwa nadhifu hivyo, Jepkorir aliwaza, akainama zaidi.

Mpira ulipaswa kwenda wapi? Injini ya petroli hunyonya hewa yenyewe na kuisaidia busta. Ya dizeli hupewa pampu ndogo ya kuifanyia kazi hiyo, na kwenye injini nyingi za aina hii pampu hiyo hubebwa mgongoni mwa altaneta, ile mashine inayochaji betri. Altaneta aliyoiona Jepkorir ilikuwa kubwa na ya kung'aa, na mgongoni haikuwa na kitu. Nyaya zake zilisokotwa zikafungwa kwa utepe. Nyaya nyingine zote za gari hilo zilichomelewa kwa madini ya risasi na kuvalishwa mipira, kazi ya mtu mwenye subira, na mtu huyo ni Darweshi. Ubavuni altaneta ilikuwa na mstari wa rangi ya njano. Wauza spea kuukuu huziwekea bidhaa zao alama namna hiyo ili mteja asije akarudisha ya duka jingine akidai garantii.

Hapo ndipo kidole cha mzee kiliposimama kwenye picha.

Jepkorir hakupenda kuamini kitu kabla ya kukijaribu. Alichukua pikapu ya kituo, dizeli vilevile, akachomoa mpira wa busta na kuuziba, kisha akaiendesha kuzunguka uwanja. Alipokanyaga breki mguu uligonga pedeli kama aliyekanyaga jiwe. Alisukuma kwa mguu mmoja, akaongeza wa pili, akajiinua kitini, na pikapu ikaendelea na safari yake kwa starehe mpaka ikasimama karibu kabisa na mlingoti wa bendera. Konstebo mmoja aliyekuwa ameegemea mlingoti huo alisogea bila kuambiwa. Na huo ulikuwa uwanja tambarare, gari tupu, na dereva mwenye mifupa mikubwa. Mama Wamuyu alikuwa mwanamke mwembamba, na nyuma yake kulikuwa na viazi.

Aliposhuka alimkuta Njuguna, kaka yake Lynn, amesimama kando ya Landrova mikono mfukoni. Siku za kwanza jina la Njuguna ndilo lililokuwa juu. Alitaka gari liuzwe, akagombana na mama yake mbele ya majirani mpaka akafukuzwa uani. Lakini wiki ile yote alikuwa Mai Mahiu akiuza mafuta kwa madereva wa malori, na kamera za stesheni ya petroli zilimwona kila siku.

"Umekuja kufanya nini?" Jepkorir alimuuliza.

"Kuiona tu, afande."

"Ulitaka iuzwe."

"Nilitaka iende na watu wa chuma chakavu. Nikaambiwa sina heshima kwa baba." Akaigusa boneti, akautoa mkono haraka. "Si wangeniskiza tu."

Jepkorir alijifuta oili vidoleni.

"Nimeskia mzee Darweshi amekubali," Njuguna alisema. "Ni ukweli?"

"Wewe unaamini?"

"Siku tulizika baba, huyo mzee alilia kutushinda. Sijui niamini nini. Lakini Lynn ameamini, na Lynn akishaamini kitu, huyo ni mama kabisa."

"Lynn anaweza kupeleka gari kwa fundi mwingine?"

"Lynn? Hawezi. Baba alitulea hivyo, fundi wako ni kama mtu wa familia. Ukienda kwa mwingine ni kama umemtukana. Mimi nikipata pancha hapa Nakuru naogopa hata kuonekana na mtu mwingine."

Alisema hivyo akitabasamu kidogo, na Jepkorir akamhurumia, kwa sababu hakujua alichokisema.

Mchana Jepkorir aliingia barabara ya Bahati na picha ya altaneta mkononi. Kwenye vibanda vya spea aliulizia mstari wa njano. Wa kwanza alikuwa na alama ya kijani. Wa pili huandika herufi. Wa tatu alinyoosha mdomo tu kuelekea kibanda cha ng'ambo, penye betri kuukuu zilizopangwa nje kama viti.

Mwenye kibanda aliitwa Kiprugut, fundi wa stima za magari, mtu wa makamo. Alisoma jina kwenye kitambulisho cha Jepkorir, akachangamka, akamsalimu kwa Kikalenjin.

"Chamgei, afande."

"Chamgei mising. Hii ni yako?"

Aliichukua picha. "Rangi ni yangu. Imeharibika? Hiyo niliuza na garantii."

"Ulimuuzia nani?"

"Dada mmoja, alikuja na Landrova ya zamani, Ijumaa. Vijana walikuwa wamemsukuma ndiyo iwake. Haikuwa inachaji. Kufungua, altaneta imeungua ndani. Nikamwambia mimi ya aina hiyo sina, hiyo yako na pampu nyuma, labda uagize Nairobi. Akaniambia hawezi ngoja, kesho watu wa kanisa wanakuja kuombea gari, ni saprais ya mama yake. Akaniomba nimsaidie na ile iko. Nikamwekea hii. Nikatengeneza hata mabano ya kuishika."

"Na mpira uliokuwa unaingia kwa pampu?"

Kiprugut alianza kuwa mwangalifu. "Nilimuuliza. Nikamwambia huu uliza fundi wako ni wa nini. Akapiga simu haikushikwa. Akangoja hapo kwa betri, akapiga tena. Halafu akaniambia, wewe ziba tu, ndio isiingize vumbi."

"Wewe hukujua ni wa breki?"

"Afande, mimi ni wa stima. Na hiyo gari ilikuwa imechanganywa, injini ya hii, diski ya ile. Gari kama hiyo huwezi jua ni mpira gani uko kazini na gani ulibaki tu. Kazi ya fundi mwingine huwa sichokori. Nilikata pale penye ilikuwa imeshikana, nikaziba vizuri." Akamtazama usoni. "Hiyo si ile gari ya viazi?"

"Ndiyo hiyo."

Kiprugut alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya betri. "Nilisikia kwa redio. Walisema lori la viazi," alisema. "Walisema ni lori, afande."

Jepkorir aliomba ile altaneta iliyoungua. Ilikuwa bado chini ya meza, na pampu yake mgongoni. Alimwandikia risiti ya kielelezo, akamwambia asisafiri, na alipokuwa akiwasha gari alimwona yule mtu bado ameketi palepale, na mteja amesimama mbele yake akimwita bila kujibiwa.

Nyumbani kwa marehemu hema lilikuwa limesimamishwa uani. Wanawake wa kanisa walikuwa wakipika chai kwenye masufuria makubwa na wanaume wakijadili tarehe ya mazishi isiyokuwepo. Lynn alikuja kumlaki Jepkorir kabla hajafunga mlango wa gari. Alikuwa amekonda kwa siku chache tu, kitambaa cheusi kichwani, macho yamevimba. Alimpeleka nyuma ya nyumba, kwenye viti vya plastiki, mbali na masikio.

"Amekiri?" Lynn aliuliza hata kabla ya kuketi.

"Amekiri."

Alifumba macho. "Basi tutamzika mama. Asante, afande. Mungu akubariki."

"Nina maswali machache, Lynn. Ni ya kawaida. Ijumaa ile ulimpigia mzee Darweshi. Ilikuwa nini?"

"Gari ilikataa kuchaji. Taa nyekundu, halafu ikazima kabisa. Alikuwa kwa swala, so nikapata mtu wa stima pale barabarani, akaweka altaneta ingine."

"Mbona hukutuambia?"

"Mliniuliza nani aligusa breki." Alishangaa kweli. "Hiyo ilikuwa stima. Stima na breki wapi na wapi?"

"Fundi wa stima alikuuliza kuhusu mpira fulani."

"Eeh, kulikuwa na kampira kamebaki. Nikamwambia akazibe."

"Darweshi alikupigia baadaye."

"Alipiga."

"Ukamwambia nini?"

Lynn aliangalia chini. Kwa mara ya kwanza alionekana mtoto wa mtu. "Nilimwambia nimesaidika."

"Hukumwambia ni altaneta?"

"Unajua vile wazee wako, afande. Alikuwa ametufanyia hiyo kazi karibu bure, miezi yote. Ndio nimetoka na gari jana, leo nimeipeleka kwa mtu wa barabarani? Angeumia. Nilisema nitamwambia polepole, sherehe ikiisha. Nilikuwa nataka hata nimpelekee kuku."

"Breki zilikuwaje Alhamisi ulipotoka nayo gereji?"

"Laini. Kuliko gari yangu."

"Na Ijumaa jioni, ulipotoka kwa mtu wa stima?"

"Zilikuwa ngumu kidogo. Nilidhani ni juu ni mpya, zitazoea. Hata mama alisema..." Akasita. "Jumamosi alipozunguka na yeye alisema ni ngumu, lakini alicheka. Alisema sasa ndiyo hii gari yake, zamani alikuwa anaikanyaga na miguu miwili. Alifurahi sana. Alisema mmenirudishia gari ya baba yenu vile ilikuwa."

Uani wanawake walianza wimbo, wakauacha, wakaanza mwingine. Lynn aliendelea kumtazama, na Jepkorir aliona jambo likimjia taratibu, na hakuwa na namna ya kulizuia.

"Afande," Lynn alisema. "Huo mpira ulikuwa wa nini?"

Jepkorir angeweza kumwambia atamjulisha baadaye. Alikuwa na haki hiyo, na aliitamani. Lakini kulikuwa na mzee seli.

"Ulikuwa wa breki," alisema. "Zamani gari lilikuwa na dramu, na dramu zinaweza kushika kwa nguvu za mguu tu. Ndiyo maana mama yako alikuwa amezoea. Diski haziwezi. Zinahitaji busta, na busta inahitaji pampu iliyokuwa nyuma ya ile altaneta iliyotolewa. Gari likiwa tupu, barabara tambarare, mtu akikanyaga sana linasimama. Likiwa na mzigo mlimani halisimami, Lynn. Pole. Pole sana."

Lynn hakulia. Alikunja mikono mapajani akakaa wima, kama mtu aliye kanisani.

"Mbona Baba Najwa alisema ni yeye?" aliuliza, akimtaja Darweshi kwa jina la mwanawe.

"Aliona altaneta kwenye picha akajua si yake. Na alikumbuka nani alimpigia simu."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti iliyowafanya wanawake waache masufuria na kuja mbio, wakamshika, wakamwambia mama amepumzika, mama yuko mahali pema, wakidhani ni kilio kilekile cha siku zote. Jepkorir alisimama kando. Katika kazi hii amewahi kumpeleka mtu jela maisha na akalala usingizi mzuri, lakini siku hiyo alijichukia kwa dakika kadhaa.

Baadaye Lynn alijitoa mikononi mwa wale wanawake, akamfuata mpaka kwenye gari.

"Utanifunga?"

"Nitaandika ilivyokuwa. Faili itaenda kwa waendesha mashtaka, wao ndio wataamua. Mimi nimeona ajali."

"Ningependa unifunge," Lynn alisema. Akafungua mlango wa abiria akaingia bila kukaribishwa. "Nipeleke kwake."

Jua lilikuwa bado juu walipofika Nakuru. Jepkorir alimwandikia mzee hati ya kuachiliwa, na karani wa zamu akamrudishia mshipi, kofia na simu. Darweshi alivaa kofia kwanza. Alipoinua macho akamwona Lynn mlangoni, alimgeukia Jepkorir kwa hasira ambayo hakuwahi kuionyesha hata alipokamatwa.

"Nilikwambia umwache huyu mtoto."

"Mzee, kudanganya polisi ni kosa."

"Basi nirudishe ndani! Lililoandikwa limeandikwa, futa jina lake uniache mimi. Mimi nimekula chumvi yangu. Huyu atakaa nalo miaka mingapi?"

"Baba Najwa," Lynn alisema.

Mzee alimgeukia Lynn.

"Nilisimama mbele ya watu nikasema umemuua mama. Nikawaleta polisi kwako, mbele ya Mama Najwa na majirani. Nisamehe."

"Hayo yamepita."

"Hayajapita."

"Kwangu yamepita, mwanangu. Uliamini ni mimi, ungefanya nini kingine? Ni mama yako." Alimsogelea. Alitaka kumshika mkono, kisha akaangalia vidole vyake vyeusi, kisha akamshika hivyohivyo. Alikuwa na swali, na Jepkorir alilijua kabla halijatoka, na akatamani amkatize, lakini lilikuwa swali lake mzee na alikuwa amelibeba tangu asubuhi.

"Lakini nilikupigia," Darweshi alisema. "Nilitoka tu nikakupigia, hata viatu sijavaa. Mbona hukuniambia, Lynn?"

"Niliona haya. Niliogopa utakasirika."

"Ningekasirika." Alitikisa kichwa, na machozi yakamtoka waziwazi. "Wallahi ningekasirika. Ningekasirika mpaka jioni. Halafu ningechukua spana zangu nije."

Lynn alikaa chini palepale, kwenye sakafu ya kituo, na mzee akaketi kando yake bila kumwachilia mkono. Kulikuwa na watu kwenye foleni ya kuripoti, wote wamegeuka. Jepkorir akaenda akafunga mlango, akawaambia wasubiri nje.